Uvimbe Ulionitenga na Nour

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Daktari Revokatus amenipa kazi ya shule. Kila siku niandike: homa ipo au haipo, jasho la usiku lipo au halipo, hamu ya kula ikoje, uvimbe umekua au haukukua. Nimepita sokoni nikanunua daftari la kurasa tisini na sita, maana mimi nikianza kulalamika siishii ukurasa mmoja.

Haya. Homa: hakuna. Jasho: hapa Rumonge, kando ya ziwa, hata mbuzi anatoka jasho, sijui nihesabu lipi. Hamu ya kula: nimemaliza ugali na ndagala, dagaa wa huku, nikakwangua sufuria. Uvimbe: upo palepale chini ya sikio la kushoto, umeteremka kidogo kuelekea kwenye mtulinga. Hauumi. Nikiubonyeza unateleza chini ya kidole kama yai lililomenywa. Mwaka jana ulikuwa na ukubwa wa chikichi moja.

Kama daktari atasoma zaidi ya hapo, shauri yake. Naitwa Agata, ni fundi cherehani. Nilizaliwa na kusoma kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kinachekwa mtaa mzima. Nilisilimu nilipoolewa na Waziri, lakini jina limegoma kubadilika. Waziri anachaji betri za taa za wavuvi. Tunakaa kiwanja kimoja na mama yake, Bi Sakina, nyumba yake ng'ambo ya kisima, yetu huku.

Tuna mtoto mmoja, Nour. Hayupo. Mwezi Machi kituo cha afya kilisema uvimbe wangu ni kifua kikuu cha tezi, wakanianzishia vidonge vya miezi sita. Bi Sakina akasema mtoto asilale chumba kimoja na mgonjwa. Mwezi Aprili Nour akapelekwa Nyanza-Lac kwa mama yangu, akiwa na miaka mitatu kasoro siku chache. Nimemeza vidonge mpaka cha mwisho. Uvimbe haukupungua hata kidogo. Mtoto naye hajarudi, kwa sababu sasa hakuna anayejua ninaumwa nini.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli. Homa hakuna.

Nimempigia mama. Nour alikuja kwenye simu anakimbia, nikasikia miguu yake kwanza. "Mama, unakuja kesho?" Nikamwambia bado. "Kesho kutwa?" Nikamwambia mvua inanyesha. Akasema hata huko inanyesha na yeye hakuyeyuka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua. Homa hakuna. Uvimbe uleule.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimerudi kwa daktari. Ni mtu wa kijiji cha Gatete, mpole, ana tabia ya kufuta miwani kabla ya kusema jambo baya, kwa hiyo namwangalia mikono kuliko uso. Alinishika shingo, makwapa, mapaja, akabonyeza tumbo kutafuta wengu. Pengine pote hakukuta kitu. Damu yangu aliipima upya, virusi vya ukimwi hakuna.

Nikamuuliza tezi zinavimba kwa nini hasa. Akanieleza kuwa tezi hizi ndizo zinazopigana na magonjwa, na zikipigana huvimba: jino bovu, kidonda kichwani, virusi, kifua kikuu. Mara nyingine ni kansa. Hapo ndipo alipofuta miwani.

"Na mara nyingine?" nikasema.

"Mara nyingine zinakua tu, Agata. Zinazidi kipimo, bila kuwa kansa. Lakini kwa macho miye siwezi kujua. Inaomba tutoe nyama kidogo, iende Bujumbura, waiangalie mu mikroskopi."

Kwa hiyo nitakatwa tarehe 8 Novemba.

Njiani kurudi nilijipangia, na naandika hapa ili nisijidanganye baadaye. Likiwa jambo la kupona, Nour anarudi siku hiyohiyo. Ikiwa kansa, simrudishi. Abaki kwa mama, azoee huko, anisahau taratibu wakati bado ni mdogo wa kusahau. Sikumwambia Waziri. Daktari naye hajui habari za Nour, kwenye daftari hili namsomea homa na jasho tu. Faili limeandikwa "mtoto 1" na mimi nikaona aibu kusema mtoto mwenyewe nimemhamisha.

Jumanne, 22 Oktoba

Homa hakuna. Nimekata gauni la Nour, kitambaa cha njano kilichobaki kwenye nguo za harusi ya mtu. Tatizo ni kipimo. Nilipomwona mara ya mwisho alinifika hapa kwenye nyonga. Sasa je? Nimemwita Schékinah, binti wa jirani yetu Mkongo, aliyezaliwa wiki moja na Nour. Nikamsimamisha, nikamzungushia utepe. Amejaa kifua, kipimo cha mpaka gotini kimerefuka kabisa. Nilipima mgongo wake mara tatu, si kwa sababu nilikosea.

Mama yake alikuwa mlangoni. "Mama Nour, ukitaka akae hapa mpaka mangaribi, akae tu." Wema wa namna hiyo unaudhi. Nilimshukuru, nikamrudisha mtoto wake.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua siku nzima. Nour kwenye simu: "Bibi anasema nikusalimie." Nikauliza na wewe je? Akasema, "Na miye pia."

Alhamisi, 31 Oktoba

Bi Sakina ameingia bila hodi akanikuta mbele ya kioo. "Imekuwa kubwa," akasema. Asante kwa taarifa. Ana njia ya kuangalia shingo yangu kama mtu anayeangalia ukuta wenye ufa. Anafua shuka zangu mbali na zake tangu Machi. Nahesabu hayo yote.

Jumamosi, 9 Novemba

Jana walinikata. Sindano ya ganzi shingoni, kisha nilisikia kuvutwavutwa tu. Hawakugusa uvimbe wenyewe. Walitoa tezi dogo lililo jirani yake, ukubwa wa haragwe. Muuguzi akaliweka kwenye kichupa chenye dawa inayonuka, formoli, akaandika jina langu kwenye plasta na kunikabidhi mkononi. Hapa kwetu ndivyo ilivyo: nyama ni yako, safari ni yako. Waziri ataipeleka labo Bujumbura Jumatatu, amepata gari lenye mafuta.

Nimekiweka kwenye rafu juu ya cherehani. Kila nikiinua macho nakiona. Kitu kidogo hivyo ndicho kitaamua kama Nour anarudi.

Jumatatu, 11 Novemba

Kucha zimejaa udongo, daktari asamehe ukurasa.

Asubuhi Waziri amevaa, gari linapiga honi barabarani, nanyoosha mkono kwenye rafu ambayo jana sikuiangalia kwa kulala mchana kutwa, hakuna kitu. Tukaangalia chini ya meza, nyuma ya vitambaa. Kisha nikatoka nje nikakiona kichupa. Kilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, kimeoshwa, kimepinduliwa kikauke. Plasta yenye jina langu imebanduliwa.

Bi Sakina alikuwa anafagia majani.

"Mama, kilichokuwa humu kiko wapi?"

"Nilishazika."

"Umezika?"

"Jana, kiisha swala ya adhuhuri. Weye ulikuwa umelala. Sasa ulitaka nifanye nini, mama Nour? Ile iko nyama ya mwili yako. Mwili ya mutu haikai mu chupa juu ya meza kama pilipili. Nilimwaga ile dawa, nikaifunga mu kitambaa cheupe, nikaisomea, nikaiweka pale pahali kitovu cha Nour kiko."

Hakusema kwa ubaya. Aliniangalia kama mtu anayengoja kuambiwa asante. Kwao kila kinachotoka mwilini kinazikwa: kondo, kitovu, nywele za kwanza, hata jino. Waziri alikua anaona hivyo, hakushtuka kwa alichoambiwa, alishtuka aliponiangalia mimi. Nilikuwa nimeshafika chini ya mchikichi, kilipozikwa kitovu cha Nour, napekua udongo kwa vidole.

"Usifukue! Mama Nour, usifukue!"

Nilifukua. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha kila kitu. Kitambaa nilikipata haraka, cheusi kwa matope, na siafu walikuwa wamenitangulia. Waziri akampigia daktari. Daktari akasema tusisumbuke, nyama iliyolala udongoni na kuliwa na siafu, labo hawawezi kuisoma.

Nikamgeukia Bi Sakina, magoti yangu yametopea, mshono unavuja, nikamwambia mbele ya mwanawe na mbele ya dereva aliyekuja kuona tunachelewa nini: "Umeninyang'anya mtoto mara ya pili."

Akaliweka fagio chini, akaingia ndani kwake. Waziri akakirudisha kitambaa udongoni, akakanyaga taratibu. Gari likaondoka.

Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 15 Novemba

Daktari amesafisha mshono. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Anasema safari hii hatachukua kipande, atangoja daktari mpasuaji anayekuja kutoka Bujumbura mwezi ujao, watoe uvimbe wote na kuupeleka mzima. Tarehe 4 Desemba.

Wiki tatu tena. Kisha wiki nyingine za labo. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto na kila nikihesabu zinazidi.

Jumapili, 17 Novemba

Simu. Nour alikuwa anacheza nje, mama alimwita mara nne. Nikamsikia akijibu, "Nakuja!" sauti ya mtoto ambaye haji. Mama akasema nisijali, watoto ndivyo walivyo. Gauni la njano nimelivalisha Schékinah. Lilimbana.

Jumatano, 20 Novemba

Hatukuwa tumesemeshana na Bi Sakina siku tisa, na kiwanja hiki ni kidogo. Leo amekuja na uji, akauweka juu ya cherehani, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Mara ya kwanza ilikuwa siku gani?"

"Mara ya kwanza ya nini?"

"Ulisema nimekunyang'anya mutoto mara ya pili. Ile ya kwanza, nataka kuijua."

Nikamwambia anaijua, alisema mtoto asilale na mgonjwa.

"Nilisema vile, ndiyo. Nikasema alale kwangu. Hapa, ng'ambo ya kisima. Nilitandika na kitanda. Ni weye ulifunga mizigo, ukasema hapana, aende Nyanza-Lac." Akasogeza bakuli la uji karibu yangu. "Miye naye nilibakia bila mutoto wa kunivuruga asubuhi. Hakuna mwenye aliniuliza."

 Ni kweli alitandika kitanda. Nakumbuka hata shuka, ya maua mekundu. Nilikataa kwa sababu nilijijua: Nour angelia ng'ambo ya kisima na mimi ningevuka. Ningevuka mara kumi kwa siku, ningembeba, ningempumulia usoni. Basi nikaweka kilomita nyingi katikati, kisha nikatafuta wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni yeye.

Nilikunywa uji. Ulikuwa na tangawizi nyingi mno, kama kawaida yake.

Alhamisi, 28 Novemba

Homa hakuna. Ziwa limepanda tena, maji yamefika kwenye mabanda ya kukaushia ndagala.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimeruhusiwa kurudi nyumbani. Wamelitoa tezi lote. Nililazwa usingizi kabisa. Daktari ananiambia lilivuja damu kuliko walivyotegemea, mishipa ya damu ilikuwa imelizunguka pande zote, lakini lilikuwa limejifunga vizuri ndani ya ngozi yake na lilitoka zima. Sentimita tano na nusu. Nimepapasa shingo upande wa kushoto, pamekuwa bapa. Ni ajabu kukosa kitu usichokipenda.

Kichupa cha sasa ni kikubwa, kama cha asali. Na mzozo wa leo ulikuwa juu ya nani akipeleke. Bi Sakina amesema ni yeye. Waziri akacheka, akaona mama yake hacheki.

"Ile ya kwanza niliizika miye. Hii nitaifikisha miye."

Jumatatu, 9 Desemba

Ameondoka alfajiri na Waziri. Mafuta hakuna, mabasi yamesimama, wamepanda gari la mtu anayepeleka mawese. Waziri amenipigia wakiwa wamekwama njiani, udongo umeporomokea barabara. Anasema mama yake ameketi kwa muda wa saa nne na kichupa mapajani, amekifunga kwa kilemba chake, hataki hata kukibadilisha mkono. Abiria mmoja akamuuliza, "Mama, unachunga nini hapo?" Akamjibu, "Binti wangu."

Nimelia kidogo. Mshono ukauma, nikaacha.

Jumanne, 10 Desemba

Wamerudi. Nyama imepokelewa, karatasi ina mhuri. Bi Sakina aliwaomba wa labo wakimaliza wamrudishie azike. Wakamwambia hapana, wanaihifadhi kwenye nta miaka mingi. Ameudhika. Anasema Bujumbura hawana adabu.

Jumapili, 15 Desemba

Nour hakuja kwenye simu.

Jumapili, 22 Desemba

Nour alikuja. Nikamuuliza ananikumbuka nikoje. Akafikiri. "Uko mu simu," akasema.

Jumatano, 25 Desemba

Kwa jirani wanaimba tangu asubuhi, wametuletea wali na samaki wa mukeke wa kukaanga. Labo kimya. Homa hakuna, jasho hakuna, na kila nikiandika "hakuna" naona kama namkumbusha mtu aliyenisahau.

Jumatano, 1 Januari 2025

Mvua.

Alhamisi, 9 Januari

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Daktari alinipigia mwenyewe. Nilikwenda na Bi Sakina, Waziri alikuwa kwenye betri. Nikamwangalia daktari mikono. Miwani ilibaki usoni.

"Si kansa," akasema, hata kabla hatujakaa.

Bi Sakina alisema alhamdulilahi kwa sauti iliyomfanya muuguzi achungulie.  Nilimwomba daktari anisomee karatasi yote, neno kwa neno, kwa sababu nimeingoja kwa muda mrefu na sitaki kupewa muhtasari. Akasoma Kifaransa, akatafsiri. Ni ugonjwa wa Castleman, jina la daktari aliyeuelezea zamani. Tezi limekua kupita kiasi bila kuwa kansa. Kwenye mikroskopi wameona chembe zimejipanga duara juu ya duara kama maganda ya kitunguu, na katikati ya duara unapita mshipa mdogo wa damu uliokakamaa. Kuna aina nyingine inayotokea mwili mzima, na hiyo ina homa, jasho, kukonda, wengu kuvimba. Hiyo ni mbaya. Yangu ilikuwa mahali pamoja. Picha ya kifua na tumbo ni safi.

"Na dawa yake?"

"Dawa iko kulitoa lote. Na tulishalitoa. Utakuja kuniona kila miezi sita, basi."

Bi Sakina akainua kidole. "Ile ya kwanza ndogo, kama ingefika Bujumbura, mungeitoa hii kubwa?"

Daktari akasema wangeitoa tu, baadaye, kwa kunikata mara ya pili vilevile. Lakini kwa vile wapasuaji ni wachache, huenda ningengoja mpaka Machi.

"Munaona," akasema Bi Sakina, na najua nitalisikia hilo mpaka nife.

Kisha daktari akafungua faili kujaza. "Mtoto mmoja. Anaendelea vizuri?"

Nikamwambia. Sikuwa na sababu ya kuficha tena. Kwamba yuko Nyanza-Lac tangu Aprili, kwa ajili ya kifua kikuu, ili nisimwambukize. Ndipo alipovua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Picha ya kifua chako ya mwezi wa tatu niliiona. Ilikuwa safi. Agata, hata kama ingekuwa kifua kikuu kweli, ile ya tezi peke yake haiambukizi kwa pumzi. Hakuna mwenye alikuambia?"

Hakuna. Na mimi sikuuliza. Hakuna aliyeuliza.

Miezi tisa. Angelala palepale kwangu, angenipigia mateke ubavuni, asingedhurika. Njia nzima ya kurudi nilitembea mbele, Bi Sakina nyuma yangu. Tulipofika kisimani akanishika mkono. Amekuwa akifua shuka zangu mbali na zake tangu Machi, na mimi namtuma mtoto mbali, sote wawili tukimlinda mtoto dhidi ya kitu ambacho hakikuwepo.

Nimempigia mama. Anamleta wiki ijayo, wakipata gari.

Jumatatu, 13 Januari

Gari halijapatikana. Nimeshona gauni jingine, nimeacha upindo mrefu.

Alhamisi, 16 Januari

Bado.

Jumamosi, 18 Januari

Wamefika saa tisa alasiri. Nilikuwa nimepanga kutoka mbio mpaka barabarani, lakini niliposikia sauti ya mama kiwanjani nikaanza kukunja vitambaa.

Nour alisimama kizingitini. Amerefuka. Ana jino lililovunjika pembeni ambalo hakuna aliyenisimulia. Nikafungua mikono. Hakuja. Alichukua upindo wa gauni lake, akaziba nao pua na mdomo, akanisalimu kwa nyuma ya kitambaa, kwa sauti ya mtoto aliyefundishwa vizuri: "Amahoro, mama. Pole ugonjwa."

Mama yangu akainama chini. Ndivyo alivyomfundisha miezi yote, ili siku akiniona asinirukie. Amemfundisha akafundishika.

Nikamwambia, "Mama amepona. Njoo."

Akamtazama bibi yake kwanza. Kisha akauliza, "Nikikuja utakufa?"

Bi Sakina alikuwa nyuma yao uani. Alitaka kumsukuma mtoto mgongoni, nikamkataza kwa macho, akaelewa. Akamshika mama yangu mkono, wakaondoka wote wawili kwenda kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Nimekaa sakafuni, mgongo ukutani. Nimechukua daftari ili nisimkodolee macho. Amesimama pale muda mrefu, akaketi kizingitini, kisha nikasikia ametambaa mpaka kwenye mguu wa cherehani. Upindo bado ameuziba mdomoni. Sijainua kichwa. Naandika polepole, maneno ya bure, homa hakuna, jasho hakuna, mvua hakuna, ili kalamu iendelee kutembea na yeye azoee sauti yake.

Ameshusha kitambaa. Anapumua kwa mdomo, namsikia.

Ameshika ncha ya kitenge changu, kwa vidole viwili. Naiweka kalamu chini.